Imbwa ya kijiji na loup: ADN inasema nini?

Kwetu mtu akitaka kukutukana anakuita imbwa. Akitaka kuongeza, anakuita musenji. Basi jueni kwamba kuna imbwa moja inayobeba matusi yote mawili katika jina lake: basenji. Inatoka hapa kwetu Kongo, na jina lake maana yake ni imbwa ya watu wa pori. Wazungu waliipeleka Uingereza, na katika 1937 ikaonyeshwa kwenye mashindano makubwa ya imbwa, Crufts. Watu walishangaa: haibweki sawa zingine, inatoa sauti ya kama kuimba, na jike inatafuta dume mara moja tu kwa mwaka, sawa loup.

Leo hiyo imbwa ya «wasenji» iko kati ya zile zilizosaidia wataalamu kujibu ulizo kubwa: imbwa ilitoka wapi?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Katika Kiswahili, «mbwa mwitu» inabeba wanyama wawili. Kuna ule wa savana zetu za Afrika, mwenye madoadoa na masikio makubwa ya duara. Yeye si babu ya imbwa, na mbweha pia si babu yake. Babu ni ule mwingine, wa Ulaya na Asia, ule tulisoma katika hadithi za shule kwa jina la loup. Mpaka leo imbwa na loup zikikutana zinazaana, na watoto wao nao wanazaa.

Tunajuaje? Kila mara mzazi anapompa mtoto ADN, makosa madogo ya kunakili yanaingia. Makosa hayo yanarithiwa na kujikusanya, kizazi juu ya kizazi. Wanyama wawili wakishiriki makosa mengi yaleyale, ni kusema babu yao wa pamoja haiko mbali. Wakitofautiana sana, waliachana zamani.

Katika 2014 wataalamu walitangaza kazi moja nzuri. Walisoma ADN ya loup tatu: moja ya China, moja ya Kroatia, moja ya Israeli. Wakaweka pembeni dingo ya Australia na basenji yetu. Fikiri yao ilikuwa hii: kama kila inchi ilifuga loup zake, basi dingo ingefanana zaidi na loup ya China, na basenji na loup ya Israeli. Haikuwa vile. Imbwa zilisimama pamoja upande moja, loup zote tatu upande mwingine. Maana yake: loup ambazo zilizaa imbwa hazionekani tena. Loup ya leo ni ndugu ya imbwa, haiko baba yake.

Katika 2022 wengine wakasoma ADN ya loup 72 za kale, zilizoishi katika miaka karibu 100,000 iliyopita. Wakaona kwamba imbwa kwa jumla ziko karibu zaidi na loup za kale za upande wa mashariki, Siberia na Asia. Lakini imbwa za Mashariki ya Kati na za Afrika ziko na sehemu ingine ya damu, kutoka loup za upande wa magharibi. Na ufugaji wenyewe ni wa zamani sana: huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, walikuta imbwa iliyozikwa pamoja na watu wawili, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa analima shamba.

Kilimo kilikuja nyuma, na chenyewe kiliacha alama. Loup iko na nakala mbili tu za jeni inayoitwa AMY2B, ile inayosaidia tumbo kuvunja wanga. Katika 2013 timu ya Uppsala, Uswidi, ilionyesha kwamba imbwa nyingi ziko na nakala kuanzia 4 mpaka 30. Ndiyo sababu imbwa yako inakula mabaki ya bugali na inanenepa. Dingo, yeye, amebaki na mbili sawa loup.

Sasa tuje kwa jambo linalotugusa. Basenji za Ulaya na Marekani zilitoka kwa imbwa chache sana zilizobebwa kutoka huku. Zikazaana zenyewe kwa zenyewe, na magonjwa ya kurithi yakaongezeka, ya damu na ya figo. Dawa waliitafuta wapi? Katika miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, wakati ule Zaïre, wakaingia vijiji vya kaskazini-mashariki, wakachukua imbwa za wawindaji, zile zinazovaa kengele ya mti shingoni. Katika 1990 klabu ya American Kennel Club ikafungua daftari yake ya ukoo ili kuziandika. Imbwa ya muwindaji ambayo hakuna mtu aliyeipatia bei, njo ilileta damu mpya.

Huku kwetu, muji unakua, watu wananunua imbwa za kizungu, zinachanganyika na za kijiji, na hakuna anayeandika kitu. Tawi la zamani linaweza kupotea bila kelele. Kukusanya ADN ya imbwa hakuombi mashine kubwa kijijini: pamba kidogo ndani ya mdomo, mate yanatosha, pamoja na jina la kijiji na ruhusa ya mwenye imbwa. Kati yetu kuna wenye diplome ya mifugo, ya biolojia, ya kilimo. Nani atakuwa wa kwanza kuandika imbwa za kijiji chake?