Taa ya Injini Ikiwaka, Pima Kwanza Ndipo Ung'oe Masega

Magari madogo mengi ya familia hapa Temeke yaliletwa yakiwa yameshatumika Japani. Mbele ya dereva kuna kitaa cha manjano chenye picha ya injini. Kikiwaka, wenye magari wengi huambiwa neno moja tu gerejini: "Masega yamekufa, tuyatoe." Tungependa tuelezane masega ni kitu gani, na kwa nini neno hilo lisikubaliwe upesi.

Masega yamo ndani ya ekzosi, yaani bomba la moshi. Kwa kawaida ni kipande kigumu cha udongo wa kuchoma, chenye vitundu vingi kama masega ya nyuki, ndiyo maana yakaitwa hivyo. Kuta za vitundu zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, petroli ambayo haikuungua huunguzwa, na sumu iitwayo kaboni monoksaidi hugeuzwa. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na humuua mtu aliyejifungia nayo. Zamani masega yaliharibiwa na petroli yenye risasi, lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001.

Sasa gari linajuaje kwamba masega yamechoka? Magari mengi ya siku hizi yana sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega, nyingine baada yake. Ya mbele hucheza juu na chini muda wote. Ya nyuma hutakiwa itulie, kwani masega mazima huishika oksijeni na kuitoa kidogo kidogo. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, kompyuta ya gari huwasha taa na kuweka namba P0420.

Hapa ndipo kisomo kinapofaa, bwana. Taa hiyo hiyo huwaka kwa sababu nyingi sana. Basi mwambie fundi achomeke mashine ya kupimia, kisha usome namba mwenyewe kwenye kioo chake: herufi P na tarakimu nne. Iandike kwenye daftari. P0420 maana yake masega yanashukiwa. P0301 ni silinda ya kwanza haichomi vizuri, P0302 ni ya pili, na kadhalika. Mara nyingi shida ni plagi au koili. Ukiziona za aina zote mbili, anza na silinda. Petroli isiyoungua kwenye silinda huenda kuungulia kwenye masega, nayo yakapata joto mpaka yakayeyuka. Ukifunga masega mapya bila kutengeneza silinda, utakuwa umetupa fedha. Na taa ikiwaka na kuzimika kama inakonyeza, ujue hilo ndilo linatokea sasa hivi. Punguza mwendo, usimame mahali salama.

Hata P0420 ikiwa peke yake, bado si hukumu. Ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, kompyuta ikadanganyika. Fundi asikilize viungo vya bomba injini ikiwa bado ya baridi, kisha aipime sensa ya nyuma yenyewe. Masega yaliyovunjika hulia ndani kama kopo lenye kokoto. Yaliyoziba hulikosesha gari nguvu, hasa kwenye kilima.

Wengine watasema, eti ukiyang'oa gari linakuwa jepesi. Kama yalikuwa yameziba, ni kweli utaona nafuu. Lakini taa haitazimika, maana sensa ya nyuma sasa inaona hali mbaya zaidi, na fundi atatafuta njia ya kuidanganya. Moshi nao utatoka na sumu yake yote. Katika nyumba zetu za kupanga gari huwashwa uani alfajiri, hatua chache tu kutoka dirisha la chumba wanamolala watoto.

Tena kuna habari ya mali. Masega hata yakichoka, yale madini bado yamo, na wapo wanaoyanunua. Fundi anayejitolea kuyang'oa bure huenda ameshapiga hesabu yake. Kama lazima yatoke, ya zamani ni yako, dai upewe mkononi.

Jambo jingine ni kufuta namba. Mashine huifuta kwa dakika moja, taa ikazimika hapo hapo gerejini. Kompyuta haijapima upya bado. Huenda ikahitaji siku kadhaa za kuendesha, mwendo wa polepole na wa kasi, ndipo itoe jibu. Kama mnaweza kukubaliana, malipo ya mwisho yangoje siku hizo zipite.