Meli Iliyorudi Bila Watu: Upelelezi Usiokubali Kubahatisha

Asubuhi ya Oktoba 14, 1807, meli ya biashara iitwayo Obra Dinn inasukumwa na maji hadi bandari ya Falmouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Matanga yake yameharibika na sitahani haonekani mtu. Iling'oa nanga London mwaka 1802 kuelekea Mashariki, ikangojwa Rasi ya Tumaini Jema isitokee, na hatimaye ikaandikwa kuwa imepotelea baharini. Leo imerudi yenyewe. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki inamtuma mkaguzi wa bima apande melini na kuandika yaliyompata kila mmoja wa watu 60 waliosafiri nayo.

Mkaguzi huyo ni wewe uliyeketi mbele ya kompyuta. Meli yenyewe haikuwahi kuwepo. Aliibuni Lucas Pope, Mmarekani aishiye Japani, katika mchezo wa Return of the Obra Dinn uliotoka Oktoba 2018 baada ya kazi ya zaidi ya miaka minne. Mwaka uliofuata ulipata tuzo mbili za BAFTA, moja ya usanifu wa mchezo na nyingine ya sanaa. Nimecheza gemu nyingi za upelelezi, na sijakutana na nyingine inayoiheshimu akili ya mchezaji kiasi hiki.

Mkaguzi ana vitu viwili tu. Cha kwanza ni kitabu chenye orodha ya majina, kazi ya kila mtu na nchi aliyotoka, ramani ya meli, na michoro ya sura za wasafiri wote bila kusema nani ni nani. Cha pili ni saa ya mfukoni. Ukiifungua mbele ya maiti, skrini inaingia giza na unasikia sekunde za mwisho za uhai wa marehemu: maneno mawili matatu, kishindo, mlio wa bunduki, ukelele. Kisha giza linaondoka, nawe umesimama katikati ya tukio lenyewe, kila kitu kimeganda. Moshi wa bunduki umesimama hewani. Wimbi limeinuka halishuki. Unaweza kuzunguka kutoka omo hadi tezi, kuchungulia vyumbani, kutazama nani alikuwa wapi na mkononi ameshika nini. Kuuliza swali huwezi, maana hakuna aliyebaki wa kukujibu.

Kwa kila sura, uandike jina lake, yaliyompata, na kama aliuawa, aliyemuua ni nani. Hapo ndipo jasho linapoanza, kwa sababu ni wachache wanaoitwa kwa majina. Mmoja utamjua kwa lugha anayozungumza, mwingine kwa vazi la cheo chake, mwingine kwa kuwa kila anapoonekana yuko bega kwa bega na seremala. Wamo mabaharia kutoka India na wengine kutoka China. Kujua kwamba huyu ni mmoja wao ni rahisi, kujua ni yupi hasa ndiyo shughuli. Nitataja dalili moja tu, kwa kuwa imekwisha kusemwa sana na haitamharibia mtu utamu. Mabaharia hulala kwenye vitanda vya kuning'inia, na vitanda hivyo vina namba. Rudi kwenye orodha uangalie majina yamepangwaje.

Kinachoufanya mchezo huu uwe wa upelelezi wa kweli ni kanuni moja ndogo. Kitabu hakikwambii kwamba jibu lako moja ni sahihi. Kinanyamaza mpaka uwe umepatia habari za watu watatu kwa ukamilifu, ndipo kinazithibitisha kwa pamoja. Mwenye majibu mawili ya hakika anaweza kubahatisha la tatu, na mchezo unamruhusu. Lakini kubahatisha yote matatu, kwa majina 60, na namna ya kifo, na muuaji, ni kukesha bure.

Tofauti yake na riwaya iko hapo. Msomaji mvivu wa riwaya ya upelelezi hafungiwi mlango. Akiendelea kufunua kurasa, mwishowe mpelelezi atawakusanya watu sebuleni na kueleza kila kitu, na msomaji atatikisa kichwa kana kwamba alijua tangu mwanzo. Hata gemu nyingi zinazojiita za upelelezi zina tabia hiyo: unabofya kila kitu chumbani mpaka mhusika aliye kwenye skrini atangaze kwamba amegundua. Amegundua yeye. Ndani ya Obra Dinn, asiyefikiri anashuka melini na kitabu chenye kurasa tupu.

Mchezo ni wa mtu mmoja, ila nashauri ukae na mwenzako pembeni, karatasi na kalamu vikiwa karibu. Nilicheza na mpwa wangu, na yeye, asiyeshika hata kipanya, ndiye aliyeniambia, "Mjomba, mtazame huyo, hamtazami nahodha, anamtazama aliyesimama nyuma yake." Alikuwa sahihi, na jambo hilo moja lilitufungulia kisa kizima cha maasi.

Pope ana waliomtangulia. Mwaka 1980, huko California, Roberta Williams na mumewe Ken walitengeneza Mystery House kwa kompyuta ya Apple II: nyumba moja, wageni wanaouawa mmoja baada ya mwingine, na picha za mistari mitupu. Miaka miwili baadaye kampuni ya Infocom ya Massachusetts ilitoa Deadline, kazi ya Marc Blank, isiyo na picha hata moja. Mchezaji aliandika amri kwa kibodi na kusoma majibu. Alipewa saa 12 za ndani ya mchezo kujua kama tajiri Marshall Robner alijiua au aliuawa katika maktaba iliyofungwa kwa ndani. Wakati huo wote watu wa nyumba ile waliendelea na mambo yao bila kumngoja. Simu ililia kwa saa yake, na aliyechelewa ilimpita. Kwa kuwa maelezo yote yasingeenea kwenye diski za wakati ule, Infocom walitia ndani ya boksi mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara, hata vidonge vya ushahidi. Kwa jambo hilo la wakati unaokwenda, naiona Deadline ina ujasiri kuliko Obra Dinn, ambamo wafu wanakusubiri milele.

Obra Dinn nayo ina kero yake: ukitaka kulitazama tena tukio, huna budi kutembea hadi ilipo maiti, na kupanda na kushuka ngazi za meli kwa ajili ya kuhakikisha kofia ya mtu kunachosha. Picha zake za rangi mbili tu, kwa kuienzi kompyuta ya Macintosh ya zamani, wapo wasiozipenda. Mimi nazitetea. Rangi zingekuwa nyingi, jicho lingetangatanga.

Linalonisikitisha ni lugha. Maandishi ya mchezo yametafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo, na sehemu kubwa ya ushahidi imo katika mazungumzo. Kijana mwerevu wa Tanga au Mombasa ambaye Kiingereza chake si kizuri anaachwa gatini, na si kwa upungufu wa akili.

Nasi si wageni wa fani hii ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla alichapisha riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akatupa mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum, na Kisima cha Giningi kikafuata 1968. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, ni mtu wa bastola na mbio, na filamu ingemtosha. Bwana Msa hukaa, akavuta kiko, akapima maneno ya watu; huyo ndiye wa kutengenezewa gemu. Waandishi wetu wa riwaya na vijana wetu wanaoandika programu watafutane sasa. Waanze na nyumba moja ya Unguja, maiti moja na washukiwa watano, na kila neno liwe la Kiswahili.