Kabla hujafufua redio ya babu, tazama kapasita unayonunua

HUENDA juu ya kabati lenu kuna redio kuukuu ambayo hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Kwetu ipo. Ni ya marehemu babu, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele na vali ndani, zile chupa za kioo ambazo ni lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Ilinyamaza miaka mingi, hadi Desemba iliyopita nyanya aliponikabidhi.

"Mjukuu wangu, kaitengeneze niisikie tena nikiwa bado na masikio," akasema.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akanirudishia baada ya siku mbili ikiimba. Jioni ya siku ya tatu, binti yangu akifanya kazi ya shule kwenye meza iyo hiyo, tulisikia mlio kama wa fataki. Moshi ukafumka nyuma ya redio na stima ikapotea nyumba nzima. Mtoto hakuumia, lakini usiku huo hakutaka kulala peke yake.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza redio, ndiye aliyeifungua. Alichokoa kipande kidogo kilichopasuka, akakigeuzageuza chini ya taa.

"Mama, fundi wako hakukosea namba," akaniambia. "Alikosea kazi."

Maana ya maneno hayo niliielewa baadaye. Kapasita ni kifaa kinachoweka umeme na kuutoa, mfano wa tangi la maji juu ya paa: maji ya mfereji huja kwa vipindi, lakini kwa sababu ya tangi, jikoni yanatiririka sawasawa. Tatizo ni kwamba ndani ya redio moja kuna kapasita za kazi mbalimbali, na mbili zenye namba sawa huenda zisiweze kubadilishana hata kidogo.

Chukua zile kubwa za mkebe zinazotuliza umeme. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka kwa joto na umri, na ndipo redio huanza kuvuma "mmmm" hata ukipunguza sauti. Hizi ni lazima zibadilishwe. Uwezo wake hupimwa kwa mikrofaradi, na si lazima ulingane kabisa. Mahali pa 50 weka 47, mahali pa 20 weka 22. Lakini usidhani kubwa zaidi ni bora zaidi: katika redio ya vali, ile ya kwanza ikizidi mno, vali inayoigeuza stima kuwa umeme wa mkondo mmoja hulemewa kila unapowasha, na vali ya namna hiyo ni vigumu kuipata leo.

Volti ni jambo jingine. Hizo zaweza kuzidi, lakini zisipungue kamwe. Stima yetu ya volti 240 hufika kilele cha karibu volti 340, na kabla vali hazijapata moto, kapasita hubeba mzigo wote huo. Kwa hiyo mzee alichagua za volti 450. Alitafuta pia zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, maana ndani ya sanduku la vali mna joto la tanuri. Mstari uliochorwa ubavuni huonyesha upande wa hasi. Ukiifunga kinyume, itachemka na kupasuka.

Za pili ni za karatasi iliyopakwa nta. Hizi ni wezi wa kimyakimya. Moja yao hupeleka sauti kwenye vali ya mwisho, ile inayoendesha spika, na kazi yake ni kupitisha sauti huku ikizuia volti kubwa zisivuke. Ikianza kuvuja, vali hiyo hufanya kazi kupita kiasi hadi iungue, pengine pamoja na transfoma ya spika. Na usihadaike na mita ndogo ya kupimia: mita hutumia volti chache tu, ilhali uvujaji hujitokeza chini ya volti mia mbili na zaidi. Mzee hakuzipima hata moja. Alizing'oa zote, akaweka za plastiki za volti 630. Ukienda dukani, jua kwamba 0.1 mikrofaradi siku hizi huandikwa 104, yaani 10 ikifuatwa na sufuri nne, kwa pikofaradi.

Sasa ile iliyotulipukia. Ilikuwa imefungwa baina ya nyaya mbili za stima, ambapo huzuia makelele. Fundi aliweka ya kawaida ya volti 400, nami ningefanya vivyo hivyo, kwani 400 si inazidi 240? Kumbe volti zilizoandikwa ni za umeme wa mkondo mmoja, si za stima inayoenda na kurudi na kurukaruka kila mara. Mahali hapo panataka kapasita yenye alama ya X2 na volti 275 za stima, iliyoundwa ili ikiharibika isiwashe moto. Na ile inayounganisha stima na fremu ya chuma, au inayokaa kwenye waya wa eriali, iwe na alama ya Y, kwa sababu ikishindwa, atakayegusa ndiye atakayepigwa. Baadhi ya redio za zamani hazina transfoma ya stima, fremu yenyewe ina umeme. Sioni sababu ya mwanafunzi kuanzia hapo. Na aanze na redio ya betri ya volti sita au tisa, ambayo kosa lake ni la shilingi chache.

Zile ndogo karibu na kitufe cha kutafutia stesheni mzee hakuzigusa. Ukizibadilisha bila sababu, stesheni huhama mahali pake.

Kabla ya kugusa chochote alichomoa waya ukutani, akamwaga umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa kupitia rezista, kisha akapima kuhakikisha umekwisha. Kuwasha mara ya kwanza alipitishia stima kwenye balbu ya wati 60 ya zamani, ya uzi. Ingewaka kwa nguvu, tungejua kuna hitilafu. Iling'aa kidogo, ikafifia.

Stesheni ya kwanza tuliyoipata ilikuwa ya mbali, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Nilinyoosha mkono kuibadilisha, nyanya akanizuia.

"Iache," akasema. "Na babu yako alikuwa akisikiliza tu hizo hizo."