Kansere ya maini na ya mapafu: mgonjwa wa Kolwezi aanzie wapi?

Hapa Kolwezi, mtu akikohoa mwezi mzima, watu wanasema ni vumbi ya mine tu. Tumbo likivimba na macho yakigeuka manjano, wengine wanasema amelishwa sumu. Jamaa inazunguka kwa maombi na kwa dawa za miti, makuta inaisha, na ugonjwa unaendelea. Kwa kansere, miezi hiyo inayopotea ndiyo inayoua.

Tuanze na mapafu. Kikohozi kikipita wiki mbili, mgonjwa apime kwanza kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni za bure. Lakini kama makohozi hayaonyeshi mdudu, na mtu anazidi kukonda ao anatema damu, asikubali kurudishiwa dawa zilezile bila uchunguzi mwingine. Aombe radio ya kifua, kisha skana. Picha peke yake haitoshi: munganga anatoa kipande kidogo cha nyama ili kipimwe kwa maabara.

Kwa maini, kazi inaanza na ekografia na kipimo cha damu cha hepatiti B na C. Mara nyingi skana nzuri inaweza kutoa jibu bila kukata nyama.

Matunzo yanategemea ugonjwa umefika wapi. Uvimbe ukiwa mdogo, operesheni inaweza kuuondoa. Kwa mapafu kuna pia mionzi na kemoterapi. Kwa maini yaliyochoka sana, operesheni inaweza kuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ukiwa umesambaa, bado kuna kazi: kutuliza maumivu, hata kwa morfini, kutoa maji ya tumbo, kusaidia kupumua. Jamaa ina haki ya kuuliza: «Munganga, dawa hii ni ya kuponyesha ao ya kupunguza maumivu?» Jibu hilo linasaidia kuamua kama nyumba iuzwe ao hapana.

Kutoka hospitali ya Mwangeji, wagonjwa wanaweza kutumwa Lubumbashi, kilomita 300 hivi, kwa Sendwe ao kwa kliniki za Université. Wenye uwezo wanavuka Kasumbalesa mpaka Lusaka, kwenye hospitali ya kansere iliyofunguliwa mwaka 2007. Mbele ya kulipa safari, pigeni simu muulize bei na kama mashine ya mionzi inatumika. Bebeni barua ya munganga, picha zote na matokeo ya maabara.

Mufanyakazi mwenye mkataba asisahau: sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwomba mwajiri atunze afya yake na ya jamaa yake. Muchimbaji wa mkono hana mwajiri, na kila kitu kinatoka kwa mfuko wake. Yeye ndiye anayevuta vumbi ya mawe kila siku, na vumbi ya silika inajulikana kuleta kansere ya mapafu, sawa na tumbako.

Kinga iko karibu kuliko Lusaka. Mtoto apate chanjo yake ya hepatiti B kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mahindi na kalanga zenye ukungu zisipelekwe kwa kinu, zitupwe. Lutuku ipunguzwe. Na mtu mwenye hepatiti B afuatwe na munganga, hata kama anajisikia muzima.