Hewa ya Nje Haitoshi

Anayetoa jiko la gesi uani ili achome nyama huhisi kwamba hatari ameiacha ndani. Hisia hiyo ina ukweli nusu. Nje kunamwepusha na monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu inayoua watu waliojifungia na moto. Hakumwepushi na gesi inayovuja kabla ya kuwaka. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, na butani hukaribia mara 2. Kwa hiyo gesi ya mtungi ikivuja haipai. Hushuka na kutuama ndani ya jiko lililofunikwa, penye kona ya ukuta au mtaroni. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa ya hapo, cheche moja yatosha. Ndiyo sababu mfuniko hufunguliwa kabla ya kuwasha, na moto ukikataa kushika, gesi hufungwa na jiko huachwa wazi dakika 5 kabla ya kujaribu tena.

Wapo watakaosema pua itawaonya, kwani gesi hutiwa harufu kali makusudi. Ni kweli, ila pua yenye mafua, au iliyozingirwa na moshi na vitunguu, si mlinzi wa kutegemewa, hasa pale tundu lilipo kwenye mpira, chini karibu na ardhi. Wengine watasema muuzaji alishaufunga mtungi vizuri. Lakini kila mtungi unapobadilishwa, maungio huguswa upya, na mpira huzidi kuchakaa kwa jua, joto na meno ya panya. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye regulata na mpira huku valvu ikiwa wazi na moto haujawashwa, povu litaonyesha panapovuja. Kazi hiyo haimalizi hata dakika 2. Hata jiko lisilovuja lina hatari nyingine likishawashwa: mafuta ya nyama yakishika moto, funga gesi na ufunike jiko; maji huyarusha na kuusambaza moto.

Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi itaongezeka majumbani na uani pia. Basi muuzaji anayekabidhi mtungi amwonyeshe mnunuzi jaribio la povu papo hapo, na mnunuzi asikubali kuondoka kabla hajaliona.