Je, Wajua? Hatari Iliyoandikwa "ya Wastani"

Je, wajua kwamba probesheni ya Uingereza, yaani uangalizi wa wakosaji nje ya gereza, ilianza na shilingi tano? Mwaka 1876 mchapaji Frederic Rainer alizitoa kwa chama cha kanisa kilichopinga ulevi, walevi waliofikishwa mahakamani wapate wa kuwasaidia. Sheria ya probesheni ilipitishwa 1907.

Je, wajua kwamba leo England na Wales watu zaidi ya 200,000 wako chini ya uangalizi wa probesheni? Wanaoshtakiwa kwa kuua, kubaka au kosa jingine zito wakati huo hawafiki hata mmoja kati ya 100.

Je, wajua kwamba wengi wa hao wachache hawakuwekwa daraja la hatari kubwa? Waliandikwa kuwa wa hatari ya wastani, au ndogo. Na daraja ndilo huamua mtu aonwe mara ngapi, na afisa mwenye uzoefu gani.

Ilford, London, 2022. Mwanamume mwenye hukumu 28 alitoka gerezani tarehe 17 Juni akiwa "wa wastani". Silaha alizokutwa nazo gerezani, vitisho, bughudha kwa wanawake aliowahi kuishi nao: yote yalikuwa yameandikwa, ila kila jambo lilitazamwa peke yake. Hakwenda kuonana na afisa wake. Amri ya kumrudisha ndani ilisainiwa tarehe 24, ikiwa imechelewa. Tarehe 26 alimuua mwanamke aliyekuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Justin Russell, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Probesheni, alisema wazi kwamba alistahili daraja la hatari kubwa.

Je, wajua kwamba Killamarsh, England, Septemba 2021, mwanamke na watoto watatu waliuawa na mtu aliyekuwa na kifungo cha nje? Ripoti iliyopelekwa mahakamani ilisema hatari yake kwa wapenzi na watoto ni ndogo. Inaumiza kuisoma.

Je, wajua kwamba mwaka 2014 serikali iliwakabidhi watu wa hatari ndogo na ya wastani kwa kampuni 21, na kufikia mwaka 2021 ilikuwa imewarudisha wote mikononi mwake?

Je, wajua kwamba mwaka 2008, wanafunzi wawili Wafaransa walipouawa London, afisa aliyemwangalia mmoja wa wauaji alikuwa na majalada 127? Hakuna anayeweza kuwajua watu 127.

Je, wajua kwamba mtu aliye chini ya uangalizi akishtakiwa kwa kosa zito kama hayo, Idara ya Probesheni hulazimika kujichunguza yenyewe? Familia ya aliyeuawa ina haki ya kuonyeshwa ripoti. Tangu 2021 wakaguzi wa nje hupitia baadhi tu ya ripoti hizo; zilizobaki hupimwa na idara yenyewe.