Mnyororo wa Nanga: Unene au Ubora wa Chuma?

Mnamo Desemba 1982 dhoruba iliikumba ghuba ya Cabo San Lucas, nchini Mexico, ambako mashua nyingi za matanga za safari ndefu zilikuwa zimetia nanga. Katika usiku mmoja zaidi ya 20 zilitupwa ufukoni, ikiwamo Joshua, chombo cha baharia mashuhuri wa Kifaransa, Bernard Moitessier. Mwenye mashua asikiapo habari kama hiyo huwaza mara moja kununua mnyororo mnene zaidi. Wazo hilo si la kipuuzi, ila si jibu lililo bora.

Nguvu ya mnyororo hutegemea unene wa chuma na ubora wake. Ubora huonyeshwa kwa daraja. Katika daraja la 40 kila milimita ya mraba ya chuma huhimili mvuto wa nyutoni 400 kabla ya kukatika. Katika daraja la 70, nyutoni 700. Kila pete huvutwa kwa pande zake mbili, kwa hiyo eneo la chuma huhesabiwa mara mbili. Basi mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 40 hukatika kwa nyutoni 63,000 hivi, na ule wa milimita 8 wa daraja la 70 kwa nyutoni 70,000. Mwembamba umemshinda mnene! Tena, katika urefu wa mita 80, huo mwembamba hupunguza zaidi ya kilo 60 kwenye omo, mahali pabaya kabisa pa kubebesha chombo mzigo. Heri kilo hizo ziongezwe kwenye nanga yenyewe.

Msomaji atauliza: je, si uzito wa mnyororo ndio unaopunguza mishtuko? Ni kweli, upepo ukiwa wa wastani. Lakini kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Katika dhoruba mnyororo wowote hunyooka, na kuanzia hapo kila wimbi hupiga kama nyundo. Kazi ya kupokea mapigo hayo ni ya kamba ya nailoni, ambayo hunyumbuka, ifungwayo kati ya mnyororo na chombo.

Hata hivyo, chuma cha daraja la 70 hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu, na joto jingine laweza kuziharibu. Pete yake isichomelewe ovyo, wala mnyororo usichovywe upya katika zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la sentigredi 450 hivi, bila ushauri wa mtengenezaji. Kutu nayo haina huruma kwa chembamba: ikila milimita 1 ya kipenyo, mnyororo wa milimita 8 hubaki na asilimia 77 ya nguvu zake, na wa milimita 10 asilimia 81.

Kiungo cha kuufunga mnyororo kwenye nanga kichaguliwe kwa uangalifu uleule. Pini yake hulazimika kupita katika pete ndogo, na ikiwa ni ya chuma hafifu itakatika kabla ya mnyororo. Mwisho, gurudumu la winchi ya nanga huchongwa kwa kipimo cha pete mahususi. Lipimwe kabla fedha hazijatolewa.